Saini Yenye Mkia

Mimi ni fundi redio hapa Bariadi, na ugonjwa wangu ni santuri zenye saini. Santuri tupu hainisumbui sana. Ila nikiona jalada ambalo mwanamuziki mwenyewe alipitisha kalamu yake, mikono inaniwasha. Mke wangu ameshazoea. Husema afadhali santuri kuliko mke wa pili.

Mwaka jana mteja mmoja aliniambia kuna bibi huko kijijini Mwamanyili mwenye santuri ya bendi iliyotikisa Kanda ya Ziwa tulipokuwa wadogo, tena ina saini ya kiongozi wake. Mimi nilikuwa nazo mbili za bwana huyo. Nikamtuma ampelekee bibi habari, na Jumamosi nikapanda basi la asubuhi na mkoba wangu: kitambaa laini, lensi, na jalada langu moja la kulinganishia.

Bibi nilimkuta anapeta mchele uani.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Wewe ndiye wa santuri? Ngoja ninawe mikono."

Hilo lilinifurahisha, maana wengi hunipa santuri na mafuta ya samaki vidoleni. Yeye aliishika kwenye kingo, kwa viganja, kama mtu aliyefundishwa. Nikaielekeza juani. Upande wa kwanza ulikuwa na mikwaruzo ya juujuu, ile ambayo sindano huipita bila kujali. Upande wa pili kulikuwa na mmoja wa kina. Nilipopitisha ukucha, ulinasa. Nikaiinua usawa wa jicho: haikupinda hata kidogo, ajabu kwa joto la nyumba ya bati. Jalada lilikuwa limetafunwa na panya kona moja.

"Hii naiita nzuri," nikasema. "Si nzuri sana. Nzuri."

"Kama mimi," akajibu.

Ikaja zamu ya saini. Nikaweka jalada langu kando ya lake, nikamweleza kwa sauti ya kitaalamu.

"Tazama, mayu. Bwana huyu herufi yake ya mwisho ina mkia uliojikunja, kama wa ndama anayekimbia. Wanaoghushi hawauwezi. Wako huu, wangu huu. Ni saini yake halisi, asilimia mia."

Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Baba, huo mkia ni wangu."

Sikuelewa. Akafuta macho kwa kanga, akanisimulia. Aliwahi kuwa mwitikiaji wa bendi ile, miaka mitatu kabla ya kuolewa. Kiongozi wao alikulia machungani, darasani hakuwahi kukaa, na jambo hilo lilimtia haya. Mashabiki wakileta majalada, aliwaambia anakwenda kuyasaini ndani kwa utulivu. Huko ndani alikuwa anasubiri bibi huyu na kalamu, wakati huo binti aliyemaliza shule.

Akachukua kalamu yangu, akaandika jina la yule bwana kwenye kipande cha karatasi. Mkia ukajikunja vilevile.

Nilibaki na lensi mkononi, fundi mzima. Wageni wangapi nimewahubiria habari za mkia ule! Kisha kicheko kikanishika na mimi.

"Basi zangu zote mbili ni za uongo?"

"Uongo gani? Alikuwa anasimama mlangoni ananiambia, 'Andika vizuri, huyu ametoka mbali.'"

Santuri yake hakutaka kuiachia, nami sikumsumbua. Nilimwomba tu aandike jina lake mwenyewe kwenye jalada langu.

"Langu? Nani analitaka?"

"Mimi."

Aliliandika polepole, ulimi nje kidogo, kama mwanafunzi. Halikuwa na mkia.

Wiki mbili baadaye alikuja Bariadi kusikiliza zile zangu. Nilimwekea kiti ndani ya karakana, na wateja wakasahau redio zao. Katikati ya wimbo akainua kidole.

"Hapo! Hiyo sauti ya juu ni mimi. Siku hiyo nilikuwa na mafua."

Nikarudisha sindano mara tatu. Mafua sikuyasikia.