Tanipu Nilizochemsha na Maganda

Leo nimechoka hata kujitazama kwenye kioo. Kwenye nyumba ya wazee hapa ughaibuni, mjini Fridley, anakopika Mama, kulikuwa na karamu ya Kiskoti: tumbo la kondoo lililojazwa nyama, na pembeni tanipu za manjano, mizizi minene ya kuchemsha kama viazi. Mama alikuwa amemwomba bosi anipe kazi ya Jumamosi. "Binti yangu anajua jiko," alimwambia. Leo ndiyo nilikuwa najaribiwa.

Tanipu zenyewe kubwa, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Nikaona haya kuuliza zinapikwaje. Nikazikata, nikazichemsha na maganda, kama viazi vitamu vya kwetu, kila mtu ajimenyee mezani. Maji yakafanya utando mweupe. Nikajisemea, ndiyo utamu wenyewe unatoka.

Mzee mmoja aliyevaa sketi ya wanaume wa Kiskoti akatafuna, akatafuna, akatoa kitu mdomoni.

"Nta hii! Tanipu za dukani hupakwa nta zisikauke. Humenywa kwanza, jamani!"

Wazee wote wakaweka uma chini. Bosi akamgeukia Mama.

"Huyu ndiye binti yako anayejua jiko?"

Mama akaanza kuzoa sahani.

"Huyu," akasema, "ni mtoto wa baba yake."