Barafu Nene

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha barafu nilikwenda na ndara za mpira, na Fundi Makame hakuacha kunitania kwa jambo hilo mpaka nilipohamishwa. Nilikuwa nimetoka Kizimbani, ambako kwa miaka minne nilihudumia vitalu vya miche ya mikarafuu. Nilizoea udongo wa moto na jua la mgongoni. Nilipoingia kwenye ukumbi wa kiwanda, sakafu yote maji na ubaridi unapanda kwenye magoti, nikasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndo Zuwena? Umekuja kazini au umekuja kuoga?"

Huyo ndiye Fundi Makame, Fundi Mkuu wa mitambo, mtu wa Tumbatu, mrefu na mwenye maneno machache. Kiwanda chenyewe, jina lake nitaliacha, kilikuwa karibu na soko la samaki mjini, na barafu yetu ndiyo waliyochukua wavuvi na wachuuzi.

Nyinyi vijana mnapata barafu kwa kubonyeza kitufe. Sisi tuliipika, na naona neno hilo ndilo linalofaa. Maji ya mfereji yalitiwa kwenye makopo marefu ya bati, na makopo yakatumbukizwa ndani ya birika kubwa la maji ya chumvi. Maji ya chumvi hayagandi upesi, kwa hivyo huweza kupozwa mpaka yakawa baridi kuliko barafu yenyewe, na yale ya koponi yakaganda taratibu kutoka pembeni kwenda katikati. Kesho yake kopo hutolewa kwa winchi, likachovywa kwenye maji ya kawaida, na pande zima likateleza nje. Pande zuri lilikuwa angavu kama kioo. Likiwa na moyo mweupe, ujue lina hewa ndani na litavunjika kwa kofi.

Kilichopoza yote hayo ni gesi ya amonia, iliyosukumwa na kompresa ndani ya mabomba. Siku ile ile ya kwanza Fundi Makame alinipeleka mpaka mlango wa chumba cha kompresa akaniambia, "Gesi hii ndo inayotulisha, na ndo itakayotuzika tukiidharau. Ukisikia harufu ya mkojo mkali humu ndani, usiulize nani. Toka."

Hilo nililifahamu. Mengi yaliyofuata sikuyafahamu, na ndiyo ninayotaka kuyasimulia.

Meneja wetu alikuwa mtu wa karatasi. Aliketi ofisini juu, na kila kitu kwake kilianzia kwenye waraka na kuishia kwenye ripoti. Mwezi wa mwisho wa majaribio yangu aliniita.

"Zuwena!"

"Naam, Bwana Meneja."

Mezani palikuwa na kijitabu cha Kiingereza. Kilikuja ndani ya kasha la msaada kutoka ng'ambo, pamoja na masanduku ya kuhifadhia samaki na maboya ya kuvaa.

"Hichi kinahusu usalama katika uvuvi wa barafu, kwa anayeanza," alisema. "Ndo hasa tunachotaka. Wewe umefika kidato cha nne. Kifasiri, kisha uwafundishe manahodha. Ukiweza, n'takuthibitisha kazi. Usipoweza, mikarafuu ya Kizimbani bado ipo."

Hapa lazima nieleze, maana neno ndilo lililotuponza. Kwetu sisi, uvuvi wa barafu ni kwenda baharini na barafu ndani ya chombo, ili samaki arudi na macho yake yanang'aa. Manahodha wengi wakati ule walikuwa hawautaki. Walisema barafu nzito, ikiyeyuka maji yanacheza chomboni, na samaki wa barafu hana ladha. Kwa hivyo kijitabu cha usalama katika uvuvi wa barafu kilionekana ni jibu la dua. Wala mimi sikushuku kitu, nikakichukua kwa mikono miwili.

Nilipokifungua nyumbani, Jang'ombe, nikapigwa na butwaa. Kwanza kilikuwa nakala ya nakala. Picha zote zimegeuka madoa meusi. Pili, maneno nayajua lakini maana siioni. *Kabla ya kukanyaga barafu, pima unene wake.* Nani anakanyaga barafu? Barafu ni chakula, mtu haipandi na miguu yake. *Inchi nne humbeba mtu mmoja.* Humbeba kumpeleka wapi? *Toboa shimo, tumbukiza mshipi, subiri.* Nikafikiri labda sijui Kiingereza. Nikaazima kamusi kwa jirani, nikagundua kwamba Kiingereza nakijua, na mambo yakazidi kuwa mabaya.

Ningeweza kwenda kwa Meneja nikamwambia, bwana, sifahamu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi niliuficha uchi wangu vizuri sana. Nilikuwa na watoto wawili na mume aliyekwishajifia. Kurudi kuomba kibarua Kizimbani sikutaka hata kukufikiria.

Niliyemwendea ni Fundi Makame. Akanisikiliza nikimsomea, mkono kidevuni.

"Shimo kwenye barafu," alisema. "Pengine samaki wamegandia sandukuni, sasa unawatoa kwa ndoana."

"Na kukanyaga?"

"Hapo sijui, mwanangu. Hebu tupime."

Alichukua pande angavu, akalikata unene wa inchi nne, akaliweka juu ya magogo mawili na kupanda. Likambeba. Akapanda na la moyo mweupe, likakatika akaangukia makalio, na wapakiaji wote wakacheka mpaka wakakaa chini. Aliinuka akajifuta. "Andika kwamba ni kweli," aliniambia.

Nikaandika.

Darasa lilikuwa Ijumaa baada ya sala, kwenye kivuli cha ukuta wa kiwanda. Walikuja manahodha na mabaharia wao, na Meneja akakaa nyuma na daftari. Mbele kabisa alikaa Nahodha Faki, mtu wa kaskazini, mnene, aliyepinga barafu kuliko wote. Nilisoma tafsiri yangu kwa sauti ya mtu anayejua anachosema. Nilipofika kwenye shimo, Faki akanyoosha mkono.

"Bi Zuwena, samahani. Shimo nshalitoboa. Sasa huyo samaki anatoka wapi?"

"Chini," nilisema.

"Chini ya barafu kuna nini?"

"Maji."

"Na chini ya maji?"

"Samaki."

"Basi barafu imefika vipi juu ya bahari, yakhe? Nani kaimwaga?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamtazama Meneja, naye akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, kana kwamba swali limejibiwa. Hapo nikajua kwamba naye hafahamu kitu, na badala ya kupata nafuu nikazidi kuchanganyikiwa, maana ikiwa mkubwa hajui na mimi sijui, nani anajua?

Nilichofanya ni kukimbilia ukurasa wa mwisho, wenye kanuni. Hizo angalau zilikuwa fupi. Niliwaambia wazirudie nyuma yangu kama watoto wa chuo cha Kurani, nikidhani kelele zitafunika ujinga wangu:

*Mtu haendi peke yake.*
*Anayekwenda afungwe kamba.*
*Wenziwe wabaki kwenye barafu nene.*
*Aliyezama hakimbiliwi, mtu hulala chini akamtambalia.*

Walizirudia kwa furaha iliyopita kiasi. Tangu siku ile kiwandani hakukukalika. Mtu akienda chooni, mwenzake huuliza, "Umejifunga kamba?" Mpakiaji akitaka kupumzika husema anakwenda kwenye barafu nene. Faki ndiye aliyekuwa bingwa wao. Kila asubuhi akija kuchukua mapande yake, maana alianza kuchukua kidogo kidogo, huniuliza kama bahari imeshaganda. Nilithibitishwa kazini, lakini barua yangu niliificha chini ya godoro kama kitu cha wizi.

Zilipita mvua za masika na zikaja za vuli. Asubuhi moja, saa tatu hivi, wateja wamejaa, Fundi Makame aliingia chumba cha kompresa kubadilisha pakini ya vali, yaani ule ufungo laini unaozuia gesi isipenye. Barakoa ya gesi tulikuwa nayo moja, imefungiwa kabatini ofisini, na ufunguo umo mfukoni mwa Meneja aliyekuwa mkutanoni mjini. Fundi aliingia hivyo hivyo, kama alivyofanya mara nyingi.

Tukasikia mlio mkali, kisha harufu. Ukungu mweupe ukatoka juu ya mlango. Wapakiaji wakakimbilia nje, na mimi nikakimbia nao. Usiulize nani, toka. Nilipofika nje nikawahesabu watu kwa macho, na Fundi Makame hakuwamo.

Faki, aliyekuja kuchukua barafu yake, alikuwa wa kwanza kurudi ndani, mbio, kifua mbele. Hakufika hatua nne. Alitoka anajigonga ukutani, macho amefumba, machozi na makamasi yanamtiririka. "Yuko chini," alisema. "Nimemwona miguu." Wanaume wengine wawili walikuwa tayari wanavua mashati wamfuate.

Sijui niseme nini kuhusu kilichonijia kichwani. Haukuwa ushujaa. Nilikuwa na hofu, na ndani ya hofu ile kitu pekee nilichokumbuka kwa mpangilio ni zile kanuni za kipuuzi. Nikapiga kelele, "Aliyezama hakimbiliwi!"

Wakasimama. Nadhani walisimama kwa mshangao.

Nilichovya kanga yangu kwenye birika la maji ya kawaida lililokuwa pale mlangoni, nikajifunga puani na mdomoni. Nikachukua kamba ya kufungia mapande, nikajizungushia kiunoni, ncha nikamtupia Faki. "Nikivuta mara mbili, vuteni. Nyinyi bakini kwenye barafu nene!"

Nje pale kulikuwa na saruji na jua. Lakini hakuna aliyeuliza barafu iko wapi. Walirudi nyuma wote kwa pamoja mpaka penye hewa safi, wakaishika kamba, mmoja nyuma ya mwenzake, na Faki mbele.

Nililala kifudifudi nikatambaa. Juu ulikuwa ukungu. Chini kulikuwa na pumzi kidogo, ya kuunguza, lakini pumzi. Macho niliyafumba, nikaenda kwa kupapasa. Nikagusa kiatu, kisha goti, kisha mkono, na mkono ule ukanishika. Mpaka leo nikiukumbuka nalia. Nikampitishia kamba kwapani, nikaifunga fundo la pande la barafu, maana ndilo fundo pekee nililolijua, nikavuta mara mbili. Tukatoka sote tunaburuzwa sakafuni kama mzigo mmoja. Nje walitumwagia maji ya mfereji usoni, ndoo juu ya ndoo, kwa muda mrefu, na gari la samaki likatupeleka hospitali.

Siku ya tatu, Fundi Makame akiwa bado kitandani na jicho moja limefungwa, nilishindwa kuvumilia.

"Fundi," nilimwambia, "kile kijitabu mie sikukifahamu. Hata kidogo. N'liwadanganyeni."

Alikohoa. "Na sisi hatukukufahamu, mwanangu. Lakini kamba tuliifahamu."

Meneja aliandika ripoti ndefu kwamba mafunzo ya uvuvi wa barafu yamefaulu. Lakini nisimwonee: ufunguo wa kabati aliutundika kwa mkono wake kwenye msumari ukumbini, na tangu hapo haukuondoka. Na mfanyakazi mpya akija, kitu cha kwanza alichofundishwa ni barafu nene iko upande gani, yaani mahali pa kusimama kazi ikiharibika.

Baadaye nilihamishiwa kaskazini, kutengeneza mashine za barafu za mahoteli. Huko Kendwa, mwaka wangu wa mwisho kazini, nimechuchumaa nyuma ya mashine nakwangua kutu, mgeni mmoja alikuja kuomba barafu. Tukazungumza. Alitoka nchi ya baridi, na akaniambia kwamba kwao, majira haya, yeye huvua samaki kupitia kwenye barafu. Nikaangusha spana. Akanionesha kwenye simu yake: ziwa zima limeganda, jeupe, na mtu amekaa juu yake kwenye kigoda, mbele yake shimo, mkononi kijiti chenye mshipi. Akavuta. Samaki akatoka. Nilimwomba anirushie ile video.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza kazi ilinifunza nini, nami nakosa jibu la kufaa kuwekwa ukutani. Niliwafundisha watu wasioliamini jambo nisilolijua, na nusu ya umri wangu ikapita kabla sijalijua. Nikiulizwa leo kitu nisichokifahamu, nasema sikifahamu, na naona ajabu kwa nini nilichelewa hivyo.

Wiki iliyopita nilimpelekea Fundi Makame ile video. Ni mzee sana sasa, pumzi zake fupi, na jicho moja ndilo linaloona. Aliishika simu karibu na uso akaitazama mpaka mwisho, kisha akaniambia niirudie. Nilikuwa nasubiri acheke, maana mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Hakucheka. "Huyu yuko peke yake?"

"Naona yuko peke yake, Fundi."

Alinirudishia simu. "Huyo mgeni wako mpelekee salamu zangu," alisema. "Kisha mwulize, kamba yake kaishika nani?"