Wikendi ya Busan, Iliyopangwa Saluni

Mimi ni msusi. Nimesimama nyuma ya kiti kimoja, katika saluni ya ghorofani katikati ya mji wa Durban, miaka mingi kiasi kwamba nikikutana na mteja barabarani namtambua kwa utosi kabla ya sura. Nikikiangalia kichwa nakwambia kilisukwa lini, kama aliyekisuka alikuwa na haraka, na kama mwenye kichwa analala vizuri au anageukageuka tu kitandani. Sijisifu, ni mazoea ya kazi. Kazi hii ndiyo iliyoniambia habari za mwanangu kabla yeye mwenyewe hajaniambia, na bado haikunisaidia kitu.

Nina mtoto mmoja tu, wa kike, na yuko Korea anasoma. Kanisa fulani la Wakorea lililokuwa likifundisha watoto wetu hapa ndilo lililomtafutia nafasi ya chuo. Yeye alizaliwa Durban, kwa hiyo, baada ya kusumbuana na ofisi hadi tukawachukia hata walinzi wa mlangoni, alipata pasipoti. Mimi niliingia nchi hii kutoka Kongo kwa malori na kwa miguu, na karatasi yangu ni ya mkimbizi anayesubiri. Nikivuka nayo mpaka, sirudi. Tulijua tangu mwanzo kwamba yeye ataondoka na mimi nitabaki, na kama ni kuonana, basi ni mpaka arudi yeye.

Siku moja kabla ya kuondoka nilimkalisha kwenye kiti changu nikamsuka misuko midogo, ile ya kudumu, kwa sababu sikujua huko nani angemshika kichwa. Nilisuka mpaka vidole vikakakamaa. Yeye alikuwa anacheka na kuniuliza kama nataka kumng'oa ubongo nibaki nao hapa. Misuko ile, ukiitunza, inakaa miezi miwili, na ukiwa mvivu mitatu. Baada ya hapo unafumua, la sivyo nywele zinashikana na kukatika.

Mwezi wa tatu tangu aondoke, tulipopigiana video, niliona bado hajafumua. Nikamwambia. Akajibu, "Nitafumua wikendi, mama." Wikendi ikapita, ikaja nyingine. Nywele zake zilikuwa zimeota chini ya misuko, na misuko yenyewe inaning'inia. Halafu siku moja akasema kamera ya simu imekufa, na tangu hapo tukawa tunasikiana tu.

Nilimuuliza amekula. Amekula. Amekula nini? "Chakula, mama." Huyu ni mtoto ambaye zamani ukimuuliza alikula nini shuleni unajuta, maana atakueleza mpaka rangi ya sahani. Nikamuuliza kuhusu masomo, akasema yako sawa. Kuhusu marafiki, wako. Kila jibu lilikuwa fupi na safi, kama la mtu anayemjibu polisi. Niliogopa, na sina aibu kusema niliogopa. Niliwahi kumwona hivyo mara moja, na ile mara ya kwanza nilidhani nitampoteza.

Ilikuwa baada ya kumzika baba yake. Alikuwa darasa la nne, akaacha kusema. Alikula akiambiwa na kulala akiambiwa, na kanisani tulimwombea mpaka sauti zikakauka. Mimi sikuwa na akili nyingine, nikawa kila Jumapili baada ya ibada nambeba na chungu cha pondu, yale majani ya muhogo ya kwetu, na samaki wa kukaanga tunakwenda ufukweni. Ulikuwa wakati wa baridi, ambao hapa ni Juni na Julai. Watu wasioujua mji huu hawaelewi kwamba baridi ya Durban ndiyo wakati mzuri wa bahari: jua ni pole, upepo umetulia, maji bado yana uvuguvugu, na lile kundi la watu wa Krismasi halipo. Tulikuwa tunakaa pale mawimbi yanapoishia. Jumapili moja, bila kunitazama, akasema samaki wa leo ana chumvi nyingi. Nililia mpaka watu wakageuka, naye akaendelea kulalamikia chumvi.

Kwa hiyo nilipomwona amerudi kule kule kwenye kunyamaza, nilijua dawa. Nilijua hata ni wakati gani wa kuinywa.

Mwenzangu wa kiti cha pili ni Mrundi, mwanamke mnene mwenye mdomo mkali na moyo laini, na simu yake ni nzuri kuliko yangu. Nilimwambia anitafutie bahari ya Korea. Alikuwa anamsuka mteja, akaacha, akapangusa mafuta mkononi na kuanza kupekua.

"Iko mji unaitwa Busan," akasema. "Eh, ma soeur, angalia. Iko bandari, iko beach, iko maghorofa mbele ya maji. Hii ni Durban kabisa, basi tu wamefagia."

Kuanzia hapo saluni nzima ikawa ofisi ya safari. Wateja wenyewe wakawa wanauliza, kabla hata hawajakaa, tumefika wapi na Busan. Iko treni ya mbio, mwenzangu alisema, anaingia asubuhi na kabla hajashiba usingizi amefika. Jumamosi aanzie soko la samaki, ambako mama wazee wanakaa chini na mabeseni wakiuza vitu vya baharini vingine bado vinatembea. Mteja mmoja akasema ni kama Warwick, soko letu la hapa Durban, mwenzangu akamwambia Warwick gani isiyonuka. Halafu apande mtaa wa mlimani wenye nyumba zilizopakwa kila rangi. Jumapili atafute kanisa kwanza, hilo nilisisitiza, na baada ya kanisa ndipo aende ufukweni akae. Asifanye kitu kingine, akae tu.

Nilimtumia yote hayo kwa sauti, vipande vipande, kila nilipopata nafasi kati ya mteja na mteja. Nilimwambia abebe chakula chake. Nilimwambia asitoe simu akisimama kwa robot, zile taa za barabarani, kusubiri kuvuka.

"Mama, huku hawaibi simu," akajibu.

"Kila mahali wanaiba. Wa huko wanaiba kwa adabu."

Nilidhani nimesikia anacheka. Niliirudia ile sauti yake mara nyingi, nikaipeleka hadi kwa mwenzangu asikilize. Akasema ndiyo, anacheka. Sasa najua alikuwa ananihurumia.

Alijaribu kuniambia. Lazima niseme hivyo kwa haki yake. Alisema, "Mama, Januari huku iko baridi sana. Maji yameganda kwa dirisha, upande wa ndani." Nikamwambia baridi ndiyo yenyewe, amesahau alikulia wapi, bahari ni tamu wakati wa baridi, hakuna kelele, hakuna watu. Nikamkumbusha samaki wa chumvi. Akasema, "Sawa, mama. Nitaenda." Mimi niliona nimeshinda. Nilifurahi siku ile mpaka nikamsuka mteja mmoja mtindo ambao hakuuomba, na akaupenda.

Jumamosi yenyewe ikafika. Durban ilikuwa inachoma. Huko chini barabarani makondakta wa taxi walikuwa wanaita abiria wa ufukweni tangu asubuhi, na watoto walikuwa wanapita na maboya shingoni. Wao huko wako mbele yetu kwa masaa mengi, kwa hiyo nilihesabu kwamba mimi nikifungua saluni yeye atakuwa ameshazunguka soko. Simu niliiweka kwenye rafu ya kioo, kati ya mafuta na vitana. Nilikuwa naiangalia kama sufuria ya maziwa.

Ikalia karibu na saa nne asubuhi. Ilikuwa picha, na chini yake maneno: "Nimefika mama. Angalia bahari."

Mchanga mweupe, maghorofa marefu nyuma, miamvuli ya rangi imepangwa safu kwa safu, na watu tele majini, watoto wenye maboya, wazee wenye kofia pana. Nilipiga kelele ya furaha ambayo siwezi kuiandika. Nilipeleka simu kwa kila kichwa kilichokuwa mle ndani, hata kwa yule aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele. Nilisema, nilimwambia, je, sikumwambia? Mwenzangu aliikuza picha kwa vidole viwili.

"Mbona yeye hayuko ndani?" akauliza. Sisi mtu akisafiri anatuma picha akiwa amesimama mbele ya kitu, la sivyo hajasafiri.

"Nani angempiga? Yuko peke yake."

"Kweli," akasema. "Ni kuzuri."

Nikarudi kwa mteja wangu. Alikuwa dada wa Kitanzania anayeuza nguo mtaa wa pili, nimefika naye nusu ya kichwa. Aliishika simu yangu, akaitazama ile picha kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, bila nia yoyote mbaya, "Kwani dada, huko sasa hivi ni kiangazi kama kwetu?"

"Hapana," nikasema. "Huko ni baridi kali. Juzi aliniambia maji yameganda dirishani kwa ndani."

"Sasa hawa watoto wanaogeleaje?"

Vidole vyangu viliendelea. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, kwamba vilimaliza ule msuko mpaka mwisho, vikaufunga, vikachukua nywele za msuko mwingine. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimetazama picha ile kwa macho ya mtu wa Durban, ambaye Januari kwake ni miamvuli na maboya, na sikuona kasoro yoyote. Yeye naye alikuwa mtoto wa Durban. Alipotafuta bahari itakayonifurahisha, alichagua iliyofanana na ya kwetu.

Nilimpigia. Alipokea haraka, na nyuma yake hapakuwa na sauti ya kitu chochote, si upepo, si watu.

"Fungua kamera," nikamwambia.

"Mama, imekufa."

"Fungua, mwanangu. Sigombi."

Halafu kioo kikawaka.

Alikuwa kitandani, na blanketi limefika kidevuni. Misuko yangu ilikuwa bado kichwani, ile ile. Mbele ilikuwa imelegea na kuchakaa, na alipogeuza uso niliona nyuma imeshikana ikawa bamba moja, gumu, pale panapolala kwenye mto. Nimeshika vichwa vya wagonjwa, vya wafungwa waliotoka jana, vya wajane. Najua kichwa kinachokuwa hivyo. Ni cha mtu asiyeamka.

"Picha nilitoa kwa net," akasema. "Nilitaka tu ufurahi."

"Tangu lini hutoki?"

"Hata kufika mlangoni minashindwa, mama. Minavaa viatu, halafu minakaa."

Mtu mwingine angesema nakuja. Wazazi wa filamu husema nakuja. Nilitafuta neno nikakuta mdomoni mwangu hamna kitu isipokuwa kazi yangu, nikamwambia tufumue. Hana kitana chenye mkia, nikamwambia achukue kalamu. Aanze na msuko wa mbele, karibu na sikio la kushoto, ndio niliouanza mimi. Atoboe fundo kwa ncha ya kalamu, avute pole pole, asikate. Akakaa kitako. Akafumua ule wa kwanza, ukachukua muda, akaninyooshea kwenye kamera nywele zake mwenyewe zilizotoka, kavu na zenye vumbi jeupe, na kwa dakika moja niliuona uso wa mtoto aliyelalamikia chumvi. Akaanza wa pili. Mikono yake ilikuwa inamlemea kwa kuinuliwa tu juu. Katikati ya msuko akaishusha.

"Mama, minachoka."

"Basi lala. Lakini usizime simu."

Akaiweka simu pembeni, na mimi nikabaki na dari la chumba chake, jeupe, lenye taa moja. Niliisimamisha yangu kwenye rafu ya kioo, pale pale kati ya mafuta na vitana. Dada wa Kitanzania alikuwa amekaa na nusu ya kichwa, machozi yanamtoka. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mizima, inajua kazi, na ilikuwa Durban. Nikashika nywele za yule dada nikaendelea kusuka. Mwenzangu alisimama, akavuka saluni na kuzima redio, ili nisikie kama mwanangu anapumua.