Kombi ya Baba, Usukani wa Mama

Wiki iliyopita nilipita mbele ya karakana moja ndogo Braamfontein, hapa Joburg, fundi akiwa anapiga randa ubao wa msonobari palepale kando ya barabara, na harufu ile ikanisimamisha. Watu walinipita wakiwahi basi. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali. Nilikuwa na miaka kumi, nimelala chali juu ya kitanda kipya ndani ya kombi, pua karibu iguse paa, na nje miti imechanua mpaka matawi hayaonekani.

Tuliishi Mayfair, mtaa wa jiji hilihili. Wazazi wangu wote wawili ni watu wa Tanga, Baba seremala, Mama mshonaji. Kombi ilikuwa ya kazi za Baba, ya kubebea milango na makabati. Mwaka mmoja alipeleka milango kwenye shamba la cheri huko jimbo la Free State, mwezi wa Septemba, baridi ya huku inapoondoka. Akarudi hasemi kingine. Miti imevaa kama maharusi, alituambia, tena maharusi mia kwa mpigo. Akaahidi kutupeleka, na kila Septemba akaahidi upya.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Alimimina chai nje ya kikombe, akagonga vidole vyake kwa nyundo, jambo ambalo halikuwa limewahi kumpata. Leseni ilipoisha muda, hakupita kipimo cha macho. Mimi na mdogo wangu Saidi tuliambiwa tu kwamba macho ya Baba yamechoka, nami nikadhani miwani ingemaliza mambo. Kombi ikakaa uani, matairi yakapungua upepo. Jirani alipokuja kuiulizia bei, Mama alijibu kabla Baba hajafungua mdomo.

"Haiuzwi. Nitaiendesha mimi."

Jirani alicheka, na kwa kweli hata mimi nilicheka. Mama alikuwa amepita arobaini na hajawahi kushika usukani, na kwenye gari la mtu mwingine alikuwa akifumba macho tukikaribia robot, yaani taa za barabarani. Lakini akatafuta mwalimu. Mtihani wa kwanza alifeli, kwa sababu gari lilirudi nyuma kidogo kwenye mwinuko, na kwa sheria za huku likirudi nyuma hata kidogo umefeli. Alirudi nyumbani, akamalizia gauni la mteja, kesho yake akawa tena kwenye mwinuko uleule na mwalimu wake. Mara ya pili alikwenda na baibui lake jipya, lililopigwa pasi vizuri. Akapita.

Baba alianza kutengeneza kitanda ndani ya kombi siku hiyohiyo. Alipima kwa vidole, akapitisha kiganja juu ya kila ubao, akanusa, akapiga randa tena. Alitengeneza na sanduku la sufuria, na kijiti cha kuzuia mlango wa sanduku usifunguke njiani. Mama akashona mapazia kwa khanga zake mbili nyekundu. Shule zilipofungwa tukaondoka asubuhi, Mama kwenye usukani, Baba pembeni yake, sisi nyuma pamoja na jiko la gesi na ndoo ya mandazi.

Mama alikuwa na amri moja: ndani ya gari hili ni Kiswahili tu. Kwetu sisi tuliozaliwa Joburg hiyo ilikuwa adhabu. Baada ya saa moja Saidi alitaka kukojoa, neno likampotea kabisa, akabaki anajipinda na kuonyesha kwa mikono mpaka Mama akalazimika kuegesha gari, maana alikuwa haoni njia kwa kicheko.

Milimani tulikuta ukungu. Barabara ilipanda na kujikunja, upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu, weupe tu. Nyuma yetu lori kubwa lilikuwa limetukaribia. Katikati ya mwinuko mkali, ng'ombe wakatokea mbele wakivuka, na Mama akasimama. Kombi ikatetemeka. Nikashika mkono wa Saidi. Ng'ombe walipita taratibu kama watu watokao harusini, na nyuma yao mchungaji aliyejifunika blanketi la Kisotho akainua fimbo kutusalimu.

Niliona mikono ya Mama imekakamaa kwenye usukani.

"Baba Rehema," alisema kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina langu, "unaonaje mbele?"

Baba akainama kidogo kuelekea kioo. "Barabara nyeupe, Mama Rehema, hakuna kitu mbele. Ondoka."

Mama akaachia breki. Injini ikanguruma, nami nikafumba macho nikisubiri ile hali ya kurudi nyuma. Haikuja. Kombi ikapanda mbele, nzito, polepole, na lori nyuma likapiga honi fupi mbili, kama mtu anayepongeza.

"Dereva wangu huyo," Baba alisema, sijui akimwambia nani.

Shambani, mwenye shamba alituruhusu tuegeshe chini ya miti. Nyuki walivuma kotekote na maua yalituangukia kwenye chai. Baba alivuta tawi mpaka likagusa kope zake, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akatuita mimi na Saidi, akatutazama nyuso kwa karibu namna ileile, hadi Saidi akaona haya akakimbia.

Shule zilipofunguliwa nilisimama darasani nikasema mama yangu ameendesha kombi kuvuka milima. Hawakuamini. Ijumaa Mama alikuja kunichukua nayo, baibui na mapazia mekundu yakipepea, nami nikatembea mpaka mlangoni polepole sana ili wote waone.

Baba haoni kabisa sasa. Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza aliwezaje kuona barabara kwenye ukungu ule. Akacheka. "Ningeiona wapi, mwanangu? Hata kioo cha gari nilikiona kwa shida. Nilitaka tu mama yako asiogope."

Nikampelekea Mama habari hiyo kama mtu aliyegundua jambo. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, wala hakuinua kichwa.

"Nilijua," alisema. "Kwani nilikuwa nauliza barabara?"

Miaka yote nilikuwa nimejivunia kwamba Mama alivuka mlima ule kwa msaada wa macho ya Baba. Kumbe aliuvuka kwa macho yake mwenyewe, na katikati ya hofu yake bado akakumbuka kwamba mtu aliyekaa pembeni yake hapaswi kusafirishwa kama mzigo.