Samaki Aliyeitwa Mjumbe

Kuna jambo nimelikana kwa karibu miaka thelathini, tena nimelikana kwa ufasaha, maana nimesomeshwa. Leo nakiri: si mimi niliyewapatanisha samaki. Kwenye harusi za ndugu, kwenye vikao vya ukoo, hata mbele ya mume wangu siku zile nilipotaka anione mtu wa maana, nimesimulia jinsi mimi, binti wa miaka kumi na mmoja wa Ujiji, nilivyokomesha vita ndani ya tangi la kioo kwa akili yangu mwenyewe. Akitokea wa kutia shaka, namtazama kwa macho ya mtu mwenye shahada mbili, ananyamaza.

Mwezi uliopita jino lilinipeleka kwa daktari wa meno, Dar es Salaam. Chumba cha kungojea kilikuwa na tangi la samaki lenye taa ya buluu, na nilipolisogelea nikasahau jino kabisa. Walikuwa wao! Vidogo kama kidole cha mwisho, rangi ya mchanga, michirizi ya kahawia ubavuni, na kila kimoja kimejibanza kwenye ganda tupu la konokono huku kinachungulia kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Samaki wetu, wa ziwa letu! Nilitaka kuwasalimia kwa Kiha.

"Wazuri wa sura tu hao, mama," dada wa mapokezi aliniambia. "Wanauana. Yule pale kishaliwa mkia wote, sijui kama atafika Ijumaa."

"Hamisha mawe," nilisema, shavu limevimba kama nimeficha ndizi. "Yote. Ongeza maganda, yawe mengi kuliko samaki. Na yule mkorofi umtie wa mwisho."

"Makubwa! Nani alikufundisha?"

"Nilibuni mwenyewe, nikiwa mtoto."

Nikaitwa ndani. Nikalazwa kitini mdomo wazi, vyuma vimejaa, na kwa robo saa nzima sikuweza kusema uongo wowote. Ndipo nikamkumbuka Mgeni.

Rafiki yangu, kama hukupata kuishi Ujiji miaka ile watu walipokuwa wakivuka kutoka Burundi kwa maelfu, ngoja nikuonyeshe nyumba yetu. Vyumba vitatu na ukumbi, bati lenye kutu, uani jiko la kuni na harufu ya mawese iliyoingia hadi kwenye madaftari. Tulikuwa sita. Halafu binamu yake Bibi, aliyekuwa ameolewa huko milimani ng'ambo ya mpaka, akafika na binti yake, mjukuu wake mmoja wa kike na fungu la nguo. Wengi walipelekwa kambini; hawa Bibi alisema ni damu yake, hawaendi popote. Tukawa tisa, na kabla ya mvua kuisha tukawa kumi na mmoja. Neno mkimbizi lilipigwa marufuku ndani ya nyumba. Yule msichana, aliyenizidi mwaka mmoja, aliitwa Mgeni. Naye kwa kujibu akaniita Mwenyeji, kwa sauti ambayo hadi leo sijaamua kama ilikuwa ya heshima.

Mgeni alipewa nusu ya kitanda changu. Nusu! Kitanda nilichokipigania mwaka mzima kwa kaka zangu! Nilimsukuma kwa viwiko, nikamvuta shuka, nikachora mstari wa chaki kwenye ubao wa kitanda. Si mimi peke yangu. Kaka zangu waligombea kona yenye dirisha, mama zetu waligombea mahali pa masanduku, na hata wazee wawili waligombea kigoda kimoja.

Bibi hakuwa mtu wa kusuluhisha kwa maneno. Kelele zikizidi, Jumamosi asubuhi alikuwa akisimama mlangoni amejifunga kanga kiunoni, anatangaza: "Kunguni! Nimewaona kunguni! Toeni kila kitu!" Basi kila kitu kilitoka uani, vitanda, mikeka, magunia ya muhogo, masanduku, sufuria. Nyumba ilideki­wa kwa maji ya moto na majivu, kisha Bibi alipanga upya, naye hakurudia mpango wa zamani hata mara moja. Kitanda kilichokuwa dirishani kilikwenda nyuma ya mlango, na sanduku la mama likaenda kwa wazee. Halafu alituita ndani mmoja mmoja, akituonyesha pa kulala. Mimi aliniita wa mwisho, kila mara, nami nilisimama uani nikiwaambia wenzangu kwamba mjukuu kipenzi huachiwa heshima ya kufunga msafara. Jioni ile nyumba ilikuwa tulivu kama msikiti baada ya swala. Nilipenda sana Jumamosi za kunguni.

Sasa samaki. Baba mdogo alikuwa mzamiaji wa samaki wa mapambo. Mji mzima ulimcheka. Wenzake walileta migebuka na kuhe, yeye alileta samaki wasiotosha hata kumlaghai paka. Walikamatwa kwa vyandarua vidogo, wakatiwa kwenye mifuko ya hewa, wakapanda ndege kwenda kutazamwa na Wazungu. Wenye mapezi yaliyochanika hawakusafiri. Siku moja alituletea hao waliokataliwa, saba, pamoja na mchanga, mawe, maganda machache na tangi kuukuu la kioo lililopasuka kona na kuzibwa kwa gundi. "Mkiwaua," alisema, "tangi linakuwa la kuoshea vyombo."

Umeme hatukuwa nao, wala mashine ya kupulizia hewa. Asubuhi na jioni tuliteka maji ziwani, tukawapita dagaa walioanikwa mchangani na kina mama wanaowafukuza kunguru, tukafika nyumbani, tukayamimina tangini kwa kata kutoka juu ili yatoe mapovu. Mabega yaliuma. Lakini nilikuwa na samaki hai ukumbini! Watoto wa mtaa walipanga foleni dirishani, nami nikawa natoa ruhusa.

Furaha ilidumu siku mbili. Mmoja wao, mwenye pezi la mgongo lililokatika katikati, aliingia kila ganda, akachungulia, akafukuza, akahamia linalofuata. Tulimwita Mjumbe, maana mjumbe wetu wa nyumba kumi naye alikuwa na tabia ya kuingia kila nyumba bila hodi. Tangi zima likawa lake. Wengine walijikusanya kona moja juu, karibu na uso wa maji, mikia imeliwa. Siku ya nne tulimkuta mmoja anaelea. Ya sita, wa pili.

Nilijaribu kila kitu. Nilimlisha Mjumbe ashibe asahau ugomvi. Akashiba, akapata nguvu za kupigana hadi jioni. Niligawa tangi kwa kipande cha chandarua. Akakaa mbele yake kutwa, akikitazama kama mlinzi wa mpaka. Nilimhamishia ndooni siku tatu, na aliyekuwa wa pili kwa ukubwa akashika madaraka siku hiyohiyo. Nilipomrudisha Mjumbe wakawa wakorofi wawili. Nililia mbele ya watu. Bibi alipita na ungo wake, akatazama, akasema, "Wamejazana hao," akaenda zake.

Mgeni alikuwa hasemi sana. Kwao alikuwa amefika darasa la tano, mtoto wa namba moja, lakini kwa Kirundi na Kifaransa. Huku Kiswahili kilimkwama, basi shule ilimweka darasa la pili, magoti yake yakigonga dawati, akiimba silabi na watoto wanaomfika kiunoni. Alirudi nyumbani kila siku amekunja uso. Kaka zangu walimtania, "Shikamoo dada mkuu wa darasa la pili!" naye alijibu kwa hapana ya Kirundi, "Oya, mimi si wa pili!" na hapo Kiswahili chake kiliishia. Bibi alimwendea mwalimu wa sayansi, mteja wake wa mawese, akamwomba aje amwone huyu mtoto kwa macho yake, kama hafai kupandishwa. Mwalimu akasema atakuja Jumatatu baada ya vipindi.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu, Mgeni alitoka peke yake mapema, akarudi na kanga imejaa maganda ya konokono kutoka ufukweni. Nilimhesabia: thelathini na kitu, kwa samaki watano! Kisha bila kuniomba ruhusa, mimi mwenye tangi, aliwatoa samaki wote akawatia ndooni. Akatoa mawe yote, akatoa hadi mchanga, akauosha. Nilipiga kelele. Hakugeuka. Akapanga upya, jiwe kubwa katikati ili wa huku asimwone wa kule, maganda yametawanywa kila pembe. Akawarudisha samaki mmoja mmoja, wanyonge kwanza, akingoja kila mmoja apate pa kuingia. Mjumbe akamtia wa mwisho.

Ungemwona! Alisimama katikati ya maji, mapezi yanatetemeka, akageuka huku, akageuka kule, kama mtu aliyeamka kwenye nyumba ya jirani. Alikwenda palipokuwa ganda lake, hapakuwa na ganda. Alipofika kwa yule mwenye mkia mfupi, mwenye mkia mfupi akatoka mlangoni akamkabili, maana sasa alikuwa na mlango! Mjumbe akarudi nyuma. Nyumba nzima tukapiga vigelegele. Mwishowe akachukua ganda dogo pembeni, akaingia kinyumenyume, akatulia. Nilirukaruka hadi nikamwaga maji ya kunywa.

Jumatatu mwalimu alikuja. Alikaa, akapewa chai, akaona tangi. Alijua habari ya vita. Nilikuwa nimeshaitangaza shule nzima. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu, akavua miwani.

"Wametulia! Nani kafanya hivi?"

Mgeni alifungua mdomo. Niliona kabisa anatafuta neno, naona hata sasa, midomo yake imeshika herufi ya kwanza. Mimi nilikuwa nayo maneno yote tayari.

"Mimi, mwalimu."

Nikaeleza, na nikaeleza vizuri. Mwalimu alinisifu, akasema nina kichwa cha chuo kikuu, kitu kilichokuja kuwa kweli na kunipa kiburi zaidi. Kisha akamgeukia Mgeni, akamuuliza maswali mawili kwa Kiswahili cha haraka. Mgeni alikuwa akinitazama mimi. Hakujibu lolote. "Abaki kwanza," mwalimu alimwambia Bibi. "Mwaka mmoja hivi, lugha ikae sawa."

Alibaki mwaka mzima. Kisha ndugu zake wakapata mahali pengine pa kwenda, nasi tukaagana stendi ya Mwanga nimembebea fungu la nguo kwa bidii isiyo ya kawaida yangu. Hatukuwahi kulitaja jambo lile.

Bibi hayupo tena. Nyumba iliuzwa, na lile bati lenye kutu limeng'olewa. Pale Mgeni alipookota maganda, ziwa limepanda na kupafunika, nilipokwenda mara ya mwisho nilisimama mbali nikionyesha maji kwa kidole, binti yangu akaniambia, "Mama, hapo hamna kitu." Baba mdogo amestaafu, masikio yamekufa kwa kuzamia, lakini ndiye aliyekuwa na namba. Mgeni anafundisha Makamba sasa, huko kwao Burundi. Mwalimu mkuu, kwa taarifa yako.

Nilipiga simu nikiwa na pamba mdomoni.

"Mwenyeji!" alipaza sauti, Kiswahili kinamtiririka kuliko mimi. "Kumbe bado uko hai?"

Nikamwambia yote, ya harusi, ya vikao vya ukoo, ya mume, ya daktari wa meno. Nikamwomba radhi.

"Mwaka ule uliniuma," alisema. "Nisikudanganye. Hadi leo sipendi kumshusha mtoto darasa." Kisha akaanza kucheka. "Lakini wazo lile hata mimi niliiba. Nililiiba kwa Bibi."

"Bibi? Bibi hakugusa tangi hata siku moja."

"Hukuwa ukiona anavyotuhamisha? Kila Jumamosi ya ugomvi?"

"Ile ilikuwa kwa ajili ya kunguni."

"Kunguni!" Alicheka hadi nikaitoa simu sikioni. "Mwenyeji, nililala kwenye kitanda chako karibu miaka miwili. Wewe uliwahi kung'atwa na kunguni?"

Nilifikiri. Nikafikiri tena. Nina shahada mbili, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza.

"Haya, sasa niambie," aliendelea, taratibu, kama anayemsaidia mwanafunzi aliyechelewa. "Tukishatolewa sote nje, Bibi akituita ndani mmoja mmoja, nani alikuwa anaachwa wa mwisho?"

"Mimi?" nilisema, pamba ikinidondoka.

"Ego," alisema Mgeni, kwa ndiyo ya Kirundi. "Ni wewe. Karibu ndani, Mjumbe."