Tundu Juu ya Mafiga

Muuzaji mmoja wa Kariakoo alinikunjulia turubai jipya, nione kama litafaa kufunika sehemu ya kupikia uani kwangu.

"Dada, unapikia kuni au gesi?"

"Gesi."

"Basi hili halina shida."

Harufu yake ilikuwa ileile. Nilipokuwa mdogo, tukikaa Ilala, baba alirudi siku moja na turubai la bluu kama hilo, akalifunga uani juu ya mafiga ya mama, chini mno. Mama alipowasha kuni, moshi ulijaa humohumo.

"Hapa hapapikiki," alisema mama.

"Utazoea. Bora moshi kuliko mvua."

Mama alichukua kisu, akapanda juu ya kreti la soda, akakata tundu la ukubwa wa sinia palepale juu ya mafiga. Baba alitazama tu.

Mvua ilinyesha mchana uleule, wali haujaiva, na maji yakaingia kwa lile tundu. Baba aliingia ndani, akatoka na mwamvuli wake wa kuendea kazini. Akaufungua juu ya sufuria, akasimama ameushika, moshi wote unampiga usoni na machozi yanamtiririka, mpaka wali ukaiva.

Ukoko ulikuwa wetu watoto, tukiugombania kila siku. Siku hiyo mama aliukwangua wote, akauweka kwenye sahani ya baba.