Msikilizaji wa Mbali

Nyuma ya lupango yangu, ua wa nyumba yangu, hapa Manika mjini Kolwezi, nimesimamisha mwanzi mrefu kupita nyumba, na juu yake nimefunga waya wa shaba. Waya unashuka hadi dirishani, unaingia katika redio niliyoing'oa kwenye gari bovu, na redio inakula betri. Umeme sina. Nyaya za bwawa la umeme la Nzilo zinapita juu ya paa langu, nazisikia zikinguruma mchana kutwa, lakini umeme wake unaenda kwenye mashimo ya wenye mashine kubwa. Kwangu hazishushi kitu ila mkwaruzo ndani ya redio. Ndiyo sababu mwanzi nimeupeleka nyuma kabisa, karibu na choo, mbali na nyaya.

Vijana wachimbaji waliopanga vyumba kwangu wananicheka. Wametoka kila pembe ya Kongo, hakuna hata mmoja aliyezaliwa hapa.

"Tata, shaba shiye tunaitafuta chini ya udongo, weye unaipandisha ku muti?"

"Nasikiliza kwetu," nikasema. "Wewe kwenu unasikiaje?"

"Na telefone."

"Telefone inakuambia kile mwenye kupiga anataka ujue. Asipotaka, hupati kitu."

Wakacheka tena. Sikuwa na haja ya kuwashawishi. Niliacha shule darasa la tatu, nikabeba makala, makaa ya kupikia, kichwani kuuza nyumba kwa nyumba, nikanunua mashine ya kusaga mahindi, nikajenga vyumba hivi wanavyolala ndani. Hakuna mtu aliyenifundisha kufunga antene. Niliifunga, nikaigeuza, nikaifungua, nikaifunga tena, mpaka ikaongea.

Redio za hapa mjini sizipendi. Zinapiga kelele. Mtu mwenye cheo akinunua mkate zinatangaza, na muziki unachezwa juu ya maneno ya watu mpaka husikii lolote. Redio nzuri ni ile ndogo ya mbali, inayosema na watu wa mtaa wake tu. Kuna moja ya misioni ambayo baada ya Injili padri anasoma nani amepoteza mbuzi na mbuzi ana alama gani sikioni. Kuna moja ya ng'ambo ya mpaka, kwa Kibemba, ambapo mwanamke mmoja mwenye sauti nzito anawagombeza watu wa soko kwa kutupa maganda ya miwa barabarani. Sijawahi kufika huko na sitafika, lakini lile soko nalijua kuliko wanavyolijua wengi wanaolipita. Hawa watu hawajui kwamba mimi nipo, kwa hiyo hawanidanganyi.

Ya kwetu, upande wa Lubudi, ndiyo ngumu kuliko zote. Inapatikana miezi ya baridi tu, alfajiri, kabla jua halijapasha hewa. Jua likipanda inazama. Studio yao haina ukuta mzito, maana jogoo anawika ndani ya habari, na treni ikipita mtangazaji ananyamaza mpaka mabehewa yaishe. Mimi hukaa na kikombe cha chai nikingoja kominike, matangazo ya vifo, maana hizo ndizo habari zenyewe. Nyingine ni maneno.

Mtu wa kwetu anajua kusikiliza kominike. Haitoshi kusikia nani amekufa. Unasikiliza nani ametajwa, na ametajwa wa ngapi. Kwanza mjane, kisha ndugu wa tumbo moja, kisha watoto, kisha wakwe, kisha miji: wale wa Likasi, wale wa Bukama, wale wa Kamina. Aliyetajwa ana mahali pake kwenye mkeka. Asiyetajwa akienda, ameenda kama jirani. Na ndugu wa tumbo moja aliyebaki ndiye anayesema wa mwisho kabla ya maiti kutoka nyumbani. Anasimama, anaeleza marehemu alizaliwa wapi, baba yao alikuwa nani, mashamba ya baba yanaanzia wapi na kuishia wapi. Akishasema hilo mbele ya watu, limesemwa. Hakuna anayeweza kuligeuza baadaye.

Asubuhi moja ya baridi nikasikia jina la kaka yangu. Tulikuwa tumebaki wawili, yeye na mimi, tumbo moja. Mtangazaji alisoma polepole, binti mwenye sauti safi. Mjane alitajwa. Watoto walitajwa. Wakwe wakatajwa, mpaka wakwe wa wakwe, mpaka kwaya. Likasi, Bukama, Kamina. Mazishi kesho asubuhi.

Kolwezi haikutajwa. Ndugu hakutajwa hata mmoja, kana kwamba kaka yangu alianguka kutoka mawinguni.

Nilibaki nimeinama juu ya redio. Nilisema labda mkwaruzo umekula jina langu. Lakini wanasoma mara mbili, na mara ya pili ilikuja safi kuliko ya kwanza.

Nilijua kazi hii ni ya nani. Mtoto wa kwanza wa kaka yangu, yule tuliyemlea wote, ameuza nusu ya shamba la baba yetu kwa mfanyabiashara wa makala, wakati kaka yangu amelala mgonjwa. Niliposikia nilimwambia usoni, mbele ya mkewe, kwamba ameuza kitu kisicho chake. Tangu siku hiyo simu yangu haipokei. Sasa alitaka maiti itoke nyumbani bila mtu wa kusema mashamba yanaishia wapi. Na akiulizwa atajibu, tulitangaza ku redio. Nani angesema hakutangaza? Alijua redio ile haifiki Kolwezi. Kila mtu wa kwetu anajua haifiki Kolwezi.

Nikavaa koti. Pikipiki ikanipeleka mpaka penye malori, nikapata lori la magunia matupu linaloelekea Lubudi kufuata mahindi. Dereva aliniuliza naenda kufanya nini, nikamwambia naenda kuzika kaka yangu. Akaniambia pole, akauliza nani aliniita.

Tulifika jua limeinama. Kwenye kilio sikwenda. Watu wengine wangekwenda moja kwa moja, wapige yowe getini, wajitupe chini. Mimi siingii kwenye kilio cha kaka yangu kama mtu aliyeona turubai akafuata harufu ya chakula. Nilitaka nitajwe kwanza. Kominike inasomwa tena jioni, na jioni kila nyumba inasikiliza. Nilikwenda kwenye redio.

Ni nyumba ndogo nyuma ya kanisa, blanketi zimepigiliwa misumari ukutani kuzuia mwangwi. Yule binti mwenye sauti safi alikuwa anakula karanga. Nilimweleza mimi ni nani, nikamweleza nini hakikusomwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tata, kominike haina ya shiye. Ni ya mwenye aliileta. Siwezi kutia jina yenye hakuandika."

"Basi andika kominike yangu. Nalipa."

"Kwa kifo kimoja, kominike moja. Familia mbili zikigombana hewani, chef wa redio atanifukuza. Ilishafikaka mara moja." Akafuta mikono. "Lakini, tata, ulisikia wapi? Balikupigia?"

"Nilisikia hapa. Kwenu. Leo asubuhi."

"Ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa Kolwezi."

Akaacha karanga. "Kolwezi haifike."

"Inafika kwangu. Wiki iliyopita mlisoma habari ya daraja la miti lililovunjika, na treni ikapita katikati, ukasema, ngojeni kwanza, mukubwa anapita."

Alinyanyuka kwenye kiti. Aliita mtu wa mashine aliye chumba cha pili, aje aone mzee anayetusikia Kolwezi. Yule akaja, akaniuliza antene ni ya namna gani, mwanzi urefu gani, waya gani. Walifurahi kweli. Sitawasingizia. Walikuwa watoto wazuri, wanafanya kazi katika kijumba cha blanketi wakidhani sauti yao inakufa mtoni, na mtu amewaambia inavuka. Binti alinishika mikono yote miwili.

"Jina ya kominike siwezi, tata. Lakini kitu kimoja nitakufanyia. Usijali."

Nilikuwa mjinga wa kuamini. Nilidhani amepata njia.

Nikaanza kutembea kuelekea kwa kaka yangu, polepole, ili kominike initangulie. Redio zilikuwa zimewashwa nyumba hadi nyumba, kwa hiyo nilipita njia nzima bila kupoteza neno. Akasoma kifo cha kaka yangu vilevile, mjane, watoto, wakwe, kwaya. Likasi, Bukama, Kamina. Kisha sauti yake ikachangamka.

Akasema leo redio yetu imepata mgeni wa heshima, msikilizaji wetu wa mbali, aliyetoka Kolwezi kuja kutuona. Akanitaja jina langu lote. Akasema wanaodhani hatufiki popote wasikie wenyewe, tunafika Kolwezi, na mzee huyu ameacha kazi zake akafunga safari kwa upendo wa redio yetu. Tumpokee vizuri. Kisha akanichezea wimbo.

Nilisimama barabarani mpaka wimbo ukaisha. Mwanamke aliyekuwa akipepeta mahindi mlangoni aliniangalia, akaangalia koti langu lenye vumbi la lori, akasema, "Ni weye, tata? Karibu kwetu." Kwetu, alisema, na mimi nimezaliwa mita chache kutoka pale aliposimama.

Nilipoingia kwenye turubai walikuwa wananingoja. Hilo ndilo lililoniuma. Wangenifukuza ningepigana. Walisimama. Wale wazee wa zamani walionijua wamekufa, waliobaki ni watoto wao na watu wa treni waliohamia. Mwana wa kaka yangu alikuja mbele kunipokea, kwa mikono miwili, kichwa chini, adabu tupu.

"Karibu, tata. Tumesikia ku redio umefika."

"Nimefika kwa kaka yangu. Si kwa redio."

"Ndiyo, tata. Umetoka mbali."

Wenye kilio kwetu wanakaa chini kwenye mkeka. Wageni wanapewa viti. Nikaelekea kwenye mkeka, nikaanza kuinama, na magoti yangu si ya kijana. Akanishika kiwiko kabla sijafika chini.

"Hapana, tata. Muletee mugeni kiti. Kiti kizuri, kile chenye mukono."

Kikaja kiti chenye mikono, kikapanguswa na kitenge. Mama mmoja akaniletea bukari, ugali wa kwetu, na samaki kabla ya wote, kama anavyopewa mtu wa mbali. Nikamwambia mimi ni ndugu wa marehemu, tumbo moja. Akasema pole sana, tata, kwa upole kama unavyomwambia mzee aliyechanganyikiwa, kwa sababu alikuwa amesikia kominike kwa masikio yake mwenyewe na ndugu hakuwemo. Redio haiwezi kusema bongo, haisemi uongo. Ndivyo wanavyoamini, na ndivyo nilivyoamini mimi siku zote nilizokaa chini ya ule mwanzi.

Mjane alikuwepo mkekani, kichwa kimefunikwa. Aliinua macho mara moja akaniona. Anakula mkononi mwa mwanawe sasa. Akayashusha.

Asubuhi walipotaka kutoa maiti, kiongozi wa kanisa aliuliza kama ndugu yupo wa kusema neno. Nilisimama. Mwana wa kaka yangu akajibu haraka kuniwahi, akasema ndugu wote wamekwisha, yeye kama mtoto wa kwanza atasema. Nikasema kwa sauti, "Niko hapa." Kiongozi akanitazama, akatabasamu, akasema, "Tunakushukuru, tata wa Kolwezi. Wageni watapewa nafasi ku makaburi." Yule kijana akasema neno lake. Alisema vizuri, amesoma. Kuhusu mashamba hakusema kitu.

Makaburini wanaita kwa mpangilio. Wenye maiti kwanza wanatia udongo, wageni mwisho. Waliita mjane, wakaita watoto. Sikungoja waite wakwe. Nilipita katikati yao, nikainama kwa magoti yangu haya, nikachota udongo kwa mkono wa kushoto kama baba yetu alivyotufundisha tulipomzika mama, nikautia. Nikamwambia kaka yangu shamba la baba linaanzia kwenye kijito na kuishia penye reli. Nilisema kwa sauti ili wote wasikie.

Kijana mmoja wa kanisa akaja kunivuta mkono.

Ndipo yule mama aliyenipa bukari akamzuia. "Mumuachie," akasema. "Ni mugeni. Hajue namna ya kwetu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Wakanisamehe wote, pale pale, na kiongozi akaita wakwe.